Swali Linalotangulia Risasi

Tarehe 7 Oktoba 1952, gari la Chifu Mkuu Waruhiu wa Kung'u lilisimamishwa karibu na Gachie, Kiambu, na watu waliovaa sare za polisi. Mmoja wao akasogea dirishani akauliza kama Chifu Waruhiu yumo. Mzee akaitika kwamba ndiye. Akamiminiwa risasi pale pale alipoketi. Waliokuwa naye garini hawakuguswa. Wiki mbili hazikutimia, Gavana Evelyn Baring akatangaza hali ya hatari, na Kenya ikaingia katika vita ambavyo wajukuu wa pande zote mbili bado wanavisimulia kila mmoja kivyake.

Tarehe 22 Novemba 2014, alfajiri, basi lililotoka Mandera kwenda Nairobi nalo lilisimamishwa njiani. Hapa pia waliosimamisha waliuliza, ila hawakumtafuta mtu kwa jina. Walitaka abiria watamke shahada. Walioshindwa walitengwa, wakalazwa chini, wakapigwa risasi. Waliokufa walikuwa 28, wengi wao walimu waliokuwa wakirudi makwao kwa likizo ya Desemba.

Historia ya mauaji ya kisiasa nchini Kenya kwa kawaida hupimwa kwa idadi ya maiti na majina ya makundi: Mau Mau, Shifta, Mungiki, al-Qaeda, al-Shabaab. Hesabu hizo zina kazi yake. Hata hivyo, anayetaka kujua ni nini hasa kilichobadilika kati ya Gachie na Mandera atafaidika zaidi akisikiliza kile ambacho mwenye bunduki anauliza kabla ya kuifyatua. Aliyemuuliza Waruhiu alimtafuta mtu kwa yale aliyoyatenda: chifu aliyeitumikia serikali ya kikoloni na kuikemea Mau Mau hadharani. Wale wa basi la Mandera hawakujali mwalimu ametenda nini maishani mwake. Walitaka kujua yeye ni nani. Katikati ya maswali hayo mawili kuna miongo sita, na karibu kila mwongo una swali lake.

Jambo hili lina uzito wa kidini na wa kifalsafa kuliko linavyoonekana mwanzoni. Abu Bakr, khalifa wa kwanza, anakumbukwa kwa kuliusia jeshi lake lisiue mwanamke, mtoto, mzee, wala mtawa aliyejitenga na dunia. Upande wa Wakristo, Thomas Aquinas alishikilia kwamba kumuua asiye na hatia ni haramu, hata iwe kwa manufaa gani. Wote wawili wanachukulia kwamba kabla ya kuinua silaha ni lazima mtu achambue nani ni nani. Anayeuliza angalau anakubali kwamba yupo asiyestahili kufa. Kwa mantiki hiyo, muuaji anayeuliza ana afadhali kuliko anayelipua soko zima. Ni mantiki nzuri, na vitabu vingi vya sheria za vita vimejengwa juu yake. Tatizo ni kwamba Kenya imeigeuza juu chini: uchambuzi uliowekwa ili kumwokoa asiye na hatia ndio uliotumika kumpata.

Mgeuko wenyewe ulikuwa wa haraka mno. Miezi mitatu baada ya Waruhiu, Januari 1953, wapiganaji waliingia shambani kwa familia ya Ruck huko Kinangop wakamuua Roger Ruck, mkewe Esme, daktari aliyekuwa akiwatibu Waafrika wa jirani, na mtoto wao Michael mwenye umri wa miaka 6. Mfanyakazi wao Mwafrika naye aliuawa. Hata anayekubali kwamba mlowezi alikuwa na kesi ya kujibu kuhusu ardhi atakwama kwa mtoto. Michael Ruck alikuwa hajatenda jambo lolote ambalo mtu angeweza kulilipizia kisasi.

Usiku wa tarehe 26 Machi mwaka huo huo ikaja Lari. Kijuujuu, shambulio lilikuwa dhidi ya homugadi, Waafrika waliopewa silaha kuilinda serikali. Chini yake kulikuwa na ugomvi wa ardhi uliotokota zaidi ya miaka kumi. Watu walikuwa wamehamishwa kutoka Tigoni ili kuwapisha wazungu. Waliokubali, wakiongozwa na Chifu Luka Wakahangara, walipewa mashamba Lari. Waliokataa walijikuta bila chochote. Washambuliaji walivizia hadi walinzi wakaondoka kwenda kuchunguza maiti iliyoachwa mbali makusudi. Kisha wakazingira nyumba, wakafunga milango kwa nje na kuzitia moto. Zaidi ya watu 70 walikufa, wengi wao wanawake na watoto, maana wanaume wenye bunduki hawakuwepo. Kabla ya asubuhi homugadi na polisi walianza kulipiza, na waliouawa na upande huo yaelekea walikuwa wengi kuliko waliochomwa. Serikali ilipiga picha maiti za kundi la kwanza na kuzisambaza duniani. Za kundi la pili hazikupigwa picha.

Lari ndipo palipo na bawaba ya historia hii. Ilitosha kuwa mke wa fulani, au mtoto wa boma fulani. Na kwa kuwa aliyeua na aliyeuawa walizungumza lugha moja, na pengine walikuwa wametahiriwa msimu mmoja, haiwezekani kulielezea tukio hilo kwa chuki ya kabila au ya dini. Waliuana watu waliojuana vizuri.

Serikali nayo ilikuwa na swali lake, tena ililianza mapema. Tangu miaka ya 1920 mwanamume Mwafrika alilazimishwa kubeba kipande, hati yenye alama za vidole na rekodi ya kazi, ikiwa ndani ya kikopo cha bati kilichoning'inizwa shingoni. Bila kipande hakuwa mtu wa kuzungumza naye. Vita vilipochacha, uchambuzi ulipanda ngazi. Tarehe 24 Aprili 1954, katika Operesheni Anvil, Nairobi ilizingirwa na Wakikuyu, Waembu na Wameru wakakusanywa kwa makumi ya maelfu. Walipitishwa mmoja mmoja mbele ya mtu aliyefunikwa gunia kichwani, lenye matundu mawili ya macho. Mwenye gunia hakusema kitu. Alitikisa kichwa tu, na kwa mtikiso huo mtu aliweza kupoteza miaka 5 kizuizini. Waliofungiwa waligawanywa katika makundi matatu, weupe, kijivu na weusi, na wakahamishwa kambi hadi kambi kadiri walivyokiri kwamba wamekula kiapo cha Mau Mau. Jumla ya waliotiwa kitanzi kwa makosa ya Mau Mau ni 1,090. Wengi wao hawakupatikana na hatia ya kuua mtu. Kupatikana na risasi mfukoni, kulisha kiapo, au kuandamana na wenye silaha kulitosha.

Kiapo ndicho kilichowapa wanatheolojia wa wakati ule kazi ngumu. Mtu aliyelishwa kiapo kwa nguvu, gizani, panga likiwa shingoni, amefungwa nacho? Wazee wengi wa Kikuyu waliamini amefungwa, kwa kuwa kiapo hakiangalii nia, na anayekivunja atakufa yeye au watu wa nyumbani kwake. Wamisionari walijibu kwamba neno lililotolewa kwa kulazimishwa si neno. Kimantiki jibu lao lilikuwa sahihi, lakini liliwasaidia wachache, maana halikusema lolote kuhusu ardhi iliyosababisha kiapo kuwepo.

Walikuwepo watu waliopita katikati. Wafuasi wa Uamsho wa Kikristo, walioitwa Ahonoki, yaani waliookoka, walikataa kiapo wakisema wamekwisha kunywa damu ya Kristo na hawawezi kunywa ya mbuzi. Kilichowashangaza maofisa ni kwamba wengi wao walikataa pia bunduki za serikali. Hawakutaka kuwa homugadi. Kwa hiyo waliwindwa na upande mmoja na kushukiwa na mwingine. Kanisa kuu la Kianglikana la Murang'a lilijengwa kuwakumbuka, na ndani yake Elimo Njau, mchoraji mzaliwa wa Marangu, Kilimanjaro, alichora mwishoni mwa miaka ya 1950 picha tano kubwa ukutani: kuzaliwa, kubatizwa, karamu ya mwisho, Gethsemane na msalaba. Yesu ni mweusi, na nyuma yake kuna miinuko na mabonde ya Murang'a yenyewe. Waumini wanaokaa benchi za mbele wanamwona akizaliwa katika nchi ambayo miaka michache kabla ilikuwa ya mahandaki na waya wa miiba.

Si haki kuwapamba Ahonoki kupita kiasi. Jirani asiye na shamba angeweza kuwauliza wokovu wao unamrudishia nini, na wengi wao hawakuwa na jibu. Lakini ni miongoni mwa Wakenya wa kwanza waliokataa kujibu swali kwa masharti ya muulizaji, na kwa hilo peke yake wanastahili kurasa zaidi katika vitabu vya shule.

Uhuru ulipokuja, mauaji yaliyopata majina makubwa yalirudi kwenye mtindo wa Gachie, yaani mtu mmoja anayejulikana, sasa mwanasiasa. Pio Gama Pinto, Februari 1965. Tom Mboya, Jumamosi ya tarehe 5 Julai 1969, akitoka katika duka la dawa barabara ya Serikali, ambayo leo ni Moi Avenue. J.M. Kariuki, Machi 1975, aliyepatikana ameuawa milima ya Ngong. Robert Ouko, Februari 1990, karibu na kwake Koru. Hapa muuaji hakuuliza kitu, kwa sababu alishaambiwa. Swali lilihamia kwa umma: nani amemtuma? Aliyehukumiwa kwa kumuua Mboya, Nahashon Njenga Njoroge, inasimuliwa kwamba aliwauliza polisi kwa nini hawamwendei yule mkubwa. Alinyongwa mwaka huo huo, na mkubwa hakutajwa. Tume na kamati ziliundwa kwa Kariuki na kwa Ouko, ripoti zikaandikwa, na hadi leo hakuna aliyefungwa kwa kuagiza.

Mwaka 1969 una mambo mawili yanayofaa kuwekwa bega kwa bega. La kwanza ni chai ya Gatundu. Baada ya kifo cha Mboya, malori yalianza kubeba Wakikuyu kwenda Gatundu, nyumbani kwa Rais Jomo Kenyatta, "kunywa chai". Chai yenyewe ilikuwa kiapo kwamba utawala hautavuka mto kwenda kwa kabila jingine. Wakristo waliokataa walipigwa, na mhubiri mmoja wa kanisa la PCEA alikufa kwa kipigo. Gazeti la makanisa la Target, likihaririwa na Henry Okullu, lilipaza sauti wakati magazeti mengine yalikuwa yakimung'unya maneno. La pili ni kitabu. Mwaka huo huo John Mbiti, mwanatheolojia wa Kikamba aliyekuwa akifundisha Makerere, alichapisha African Religions and Philosophy, akieleza kwamba Mwafrika hupata utu wake ndani ya jamii, yupo kwa sababu wenzake wapo. Fundisho hilo limenukuliwa katika mahubiri, harusi na hotuba za kisiasa kiasi cha kupoteza makali yake.

Mbiti alikuwa akieleza jambo jema. Lakini waliokunywa chai Gatundu nao walikuwa wakisema wapo kwa sababu wenzao wapo, na ndiyo maana walihitaji kujua mwenzao ni yupi na asiye mwenzao ni yupi. Falsafa ya jamii ikikosa kusema mpaka wa jamii uko wapi, humwachia mwanasiasa kazi ya kuuchora. Mbiti hakuuchora. Waliokuja baadaye waliuchora kwa kalamu, kisha kwa mapanga.

Hakuna mahali ambapo mpaka huo ulichorwa kwa ukatili wa wazi kama Wajir. Tarehe 10 Februari 1984 wanajeshi na polisi walikusanya wanaume wa ukoo wa Degodia katika kiwanja cha ndege cha Wagalla. Wa koo nyingine walichujwa wakaachiliwa. Waliobaki walikalishwa juani, wengi wakiwa uchi, kwa siku kadhaa bila maji, na waliojaribu kukimbia walipigwa risasi. Serikali ilikiri vifo 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipotoa ripoti yake mwaka 2013 ilisema huenda idadi ikakaribia 1,000. Miaka mitano baada ya Wagalla, Wakenya wote wa asili ya Kisomali walitakiwa kupita mbele ya kamati za kuwachunguza, na waliofaulu walipewa kadi ya rangi ya waridi juu ya kitambulisho chao cha kawaida. Raia mwingine yeyote wa Kenya hakuhitaji kadi ya pili kuthibitisha ya kwanza.

Siasa ya vyama vingi ilipoanza kudaiwa, uchujaji ukabinafsishwa. Agosti 1997, vijana waliolishwa kiapo katika msitu wa Kaya Bombo walivamia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua askari 6, wakachukua bunduki, kisha wakawageukia "wabara", watu wa bara waliohamia Pwani. Makumi waliuawa na makumi ya maelfu wakahama. Kiapo cha kaya, yaani msitu mtakatifu wa Wamijikenda, kina historia yenye heshima: Mekatilili wa Menza aliwaapisha Wagiriama mwaka 1913 dhidi ya kodi na kazi za kulazimishwa za Waingereza. Adui wa Mekatilili alikuwa serikali. Adui wa vijana wa 1997 alikuwa muuza mboga kutoka Machakos na fundi kutoka Siaya.

Katikati ya msururu huu uliojaa maswali ukalipuka mlipuko usiouliza. Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, mnamo saa nne na nusu asubuhi, lori la al-Qaeda lililojaa baruti lililipuka nyuma ya ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, dakika chache tu mbali na jingine lililolipuka Dar es Salaam. Nairobi walikufa 213, kati yao Wamarekani 12. Dar es Salaam walikufa 11. Kabla ya mlipuko mkubwa kulisikika mshindo mdogo, watu wa ofisi za jirani wakasogea madirishani kutazama, na vioo vikawapofua mamia. Jengo la Ufundi liliporomoka, na chini ya kifusi sauti ya mwanamke ilisikika kwa siku kadhaa kabla ya kunyamaza waokoaji wakiwa bado wanachimba.

Hata hawa, inaonekana, walihisi wanahitaji swali. Mmoja wa waliohukumiwa New York alimweleza mpelelezi kwamba wakati ule ulichaguliwa kwa kuwa Waislamu washikadini wangekuwa msikitini. Yeyote anayeijua Nairobi atashangaa. Saa nne na nusu asubuhi ya Ijumaa muumini wa Nairobi yuko kazini. Adhuhuri huingia karibu saa mbili baadaye, na Msikiti wa Jamia hujaa wakati huo. Kisingizio kilikuwa cha kuwafariji wauaji wenyewe, na kilibeba dharau ndani yake: Mwislamu aliyekufa pale, kwa hesabu hiyo, hakuwa Mwislamu wa kutosha. Bomu lilidai kuuliza na papo hapo likajijibu.

Ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zilirudisha uchujaji barabarani. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133, na 405 kati yake vilitokana na risasi, nyingi zikiwa za polisi. Kwenye vizuizi vya barabara vijana waliomba kitambulisho, wakasoma jina la ukoo, wakaamua. Asiye na kitambulisho alitakiwa aseme neno la lugha fulani. Naivasha mwili wenyewe ulikaguliwa, na wanaume Wajaluo wakatahiriwa kwa nguvu. Kiambaa, karibu na Eldoret, watu waliokimbilia kanisani walichomewa humo siku ya mwaka mpya. Waliochoma na waliochomwa walikuwa Wakristo, na wengi wao walikuwa wameimba tenzi zile zile Krismasi wiki moja kabla. Ni vyema kulikumbuka hilo kila mtu anapodai kwamba mauaji ya kuchuja yaliletwa Kenya na Waislamu kutoka nje.

Al-Shabaab, wapiganaji wa Somalia waliolisimamisha basi la Mandera, kwa hiyo hawakuvumbua kitu. Walipoingia jengo la maduka la Westgate, Nairobi, Septemba 2013 na kuua watu 67, manusura walieleza jinsi walivyohojiwa kuhusu dini, hata jina la mama yake Mtume. Mpeketoni, Juni 2014, nyumba kwa nyumba, na hapo dini ilichanganywa na kabila na hasira ya ardhi kama ilivyochanganywa Lari. Kisha basi la Mandera. Kisha Chuo Kikuu cha Garissa, tarehe 2 Aprili 2015, waliokufa 148, wengi wao wanafunzi walioamshwa alfajiri na kutenganishwa kwa dini katika mabweni yao. Serikali ilikuwa tayari imekwisha kujibu kwa njia inayoijua. Aprili 2014, katika Operesheni Usalama Watch, maelfu ya Wasomali wa Eastleigh na kwingineko walikamatwa, na wengi wakafungiwa uwanja wa Kasarani kuhakikiwa vitambulisho. Mmoja wa washambuliaji wa Garissa mwaka uliofuata alikuwa mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mtoto wa chifu wa Mandera, ambaye baba yake alikuwa ameripoti kwamba ametoweka. Uhakiki wa Kasarani usingemnasa.

Mwaka 1797 Immanuel Kant aliandika insha fupi iliyowasumbua wasomaji wake tangu hapo. Muuaji anabisha hodi na kuuliza kama rafiki yako, anayemwinda, yumo ndani. Kant alisema hata hapo huna haki ya kumdanganya. Karibu miaka 700 kabla yake, Abu Hamid al-Ghazali alilipima swali linalofanana na hilo katika Ihya, kwenye mlango wa maovu ya ulimi: mtu amejificha, dhalimu anamtafuta amuue, na wewe unajua alipo. Ghazali alijibu kwamba kudanganya hapo si ruhusa tu, ni wajibu. Wengi wetu tungemfuata Ghazali bila kufikiri mara mbili.

Tarehe 21 Desemba 2015 swali hilo lilitoka vitabuni. Basi jingine, safari hii likielekea Mandera, lilisimamishwa karibu na El Wak. Abiria walikuwa wamejifunza kutokana na lile la mwaka uliotangulia. Kabla wenye bunduki hawajapanda, wanawake Waislamu walianza kupitishiana mitandio na kuwafunika Wakristo waliokaa nao. Hayo ni ya Ghazali. Lakini walipoamriwa kushuka na kujipanga, Waislamu huku na wengine kule, walifanya jambo ambalo hakuna kati ya wanafalsafa hao wawili aliyelijadili. Walikataa kujipanga. Waliwaambia waue wote au wawaache wote. Hapo hapakuwa na uongo wowote, na Kant asingepata pa kuwalaumu. Walimnyima muulizaji haki ya kuuliza. Watu wawili waliuawa siku hiyo. Salah Farah, naibu mwalimu mkuu, Mwislamu, alipigwa risasi akikataa kutenganishwa na wenzake, na akafariki hospitalini Nairobi Januari 2016. Serikali ilimpa nishani baada ya kifo, na filamu fupi ya Watu Wote, iliyotokana na kisa hicho, iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar.

Tofauti kati ya abiria hao na Ahonoki wa 1953 inastahili kuangaliwa. Ahonoki walikataa kila mmoja kwa ajili ya roho yake, kwa kuwa tayari alikuwa na jibu jingine: mimi ni wa Kristo. Abiria wa El Wak hawakuwa na imani moja ya kuitaja. Walikuwa na basi moja. Mbiti angeweza kuwaonyesha wanafunzi wake kwamba hao walikuwepo kwa sababu wenzao walikuwepo, na safari hii mpaka wa "wenzao" ulichorwa na waliokuwa ndani yake, tena kwa upana wa viti vyote.

Juni 2024 vijana walioandamana dhidi ya Mswada wa Fedha walijitangaza kuwa hawana kabila, hawana chama na hawana kiongozi. Makumi waliuawa, na katika miezi iliyofuata wengine walichukuliwa na watu waliofunika nyuso, ndani ya magari yasiyo na nambari za kweli. Nyuso zilizofunikwa zilikuwa zimerudi Nairobi, lakini hawa hawakuhitaji kuuliza jina wala kungoja mtikiso wa kichwa. Wengi wa waliochukuliwa waliamini simu zao ndizo zilizokwisha kujibu.

Huko kaskazini-mashariki swali la zamani kabisa, lile la serikali, lilipata pigo rasmi Februari 2025, Rais William Ruto alipotangaza kwamba waombaji wa vitambulisho kutoka kaunti za mpakani hawatapitishwa tena mbele ya kamati za kuwachunguza. Kwa miongo sita kijana wa Wajir alikuwa akiulizwa babu yake ni nani, ukoo gani, na nani atamshuhudia, wakati mwenzake wa Nyeri akijaza fomu na kwenda zake. Upinzani ulitokea mara moja, na hofu ya wanaopinga si ya kubeza: mpaka wa Somalia una urefu wa karibu kilomita 700, na karatasi zikiuzwa ovyo, mtu yeyote ataingia. Waliounga mkono walijibu kwa kutaja mtoto wa chifu wa Mandera na shahada yake ya sheria. Machifu wenyewe, ambao ndio waliokuwa wakikaa kwenye kamati hizo, walibaki wakisubiri maelekezo ya namna ya kuidhinisha fomu bila kuuliza ukoo.